Majirani wa Bahari: Kutoka Takaungu hadi Ngomeni

Takaungu haionekani kutoka barabara kuu. Matatu ya Mombasa kwenda Malindi humshusha abiria kando ya lami, kilomita chache kabla ya Kilifi, na bodaboda humpeleka hadi ukingo wa hori, katikati ya mikorosho na nyumba za mawe zilizobanduka lipu. Siku niliyofika maji yalikuwa yamekupwa. Mvushaji alikuwa akivusha watu kwa kijimashua cha makasia kwenda ng'ambo ya Vuma: wanafunzi wawili, mwanamke mwenye ndoo ya mihogo ya kukaanga, na baiskeli moja iliyolazwa ubavu juu ya magoti yao. Hicho ndicho chombo pekee kilichokuwa kazini katika bandari iliyowahi kupakia majahazi ya nafaka ya kwenda Arabuni.

Mji huu ulipata nguvu baada ya 1837, Seyyid Said, Sultan wa Oman na Zanzibar, alipoitwaa Mombasa na kuung'oa utawala wa Wamazrui. Tawi moja la ukoo huo likahamia hapa. Wagiriama waliteremka kutoka bara na pembe za ndovu, sandarusi na mtama, wakarudi na nguo na shanga. Wala haikuwa mtama na pembe tu. Watumwa waliopitishwa Kilwa na Unguja walishushwa kwenye pwani hii pia, na hao ndio waliolima mashamba yaliyoipa sifa.

Nilianzia safari hapa kwa makusudi. Habari za bandari Kenya ni habari za Mombasa: makontena, kreni, reli. Lakini kuna biashara nyingine, ile ya chombo cha mbao kinachotoka Wete au Tanga, Kipini au Kismayu, kikatia nanga mbele ya kijiji ambacho hakina hata gati. Haiandikwi sana, kwa hiyo wengi hudhani imekufa. Imepungua kimo, ni kweli, na imebadilisha bidhaa. Kufa, bado.

Kilifi, kituo cha pili, ni mji unaotazamwa zaidi kutoka juu. Daraja lilifunguliwa 1991, na tangu hapo anayepita huona hori ikimetameta chini yake, mashua nyeupe za matanga za Wazungu upande mmoja na magofu ya Mnarani upande wa pili. Kabla ya daraja kulikuwa na feri, na eneo la kivukoni bado huitwa Old Ferry. Madereva wa zamani husimulia foleni zilizolala usiku kucha. Chombo cha bahari kilikuwa na nafasi ya kushindana na lori nyakati hizo, maana lori nalo lilisubiri maji. Daraja lilipokamilika, mwenye gunia la nazi Kilifi hakuwa tena na sababu ya kumtafuta nahodha.

Hata hivyo mafundi wapo. Chini ya miti, hatua chache kutoka majini, mashua moja ilikuwa imeegemezwa magogo huku wanaume wawili wakiipiga kalafati. Mkubwa wao alichukua uzi wa pamba, akauloweka mafuta, akausokota juu ya paja, kisha akausukuma kati ya mbao mbili kwa patasi butu. Kijana aliyemfuata aligonga kwa nyundo, mapigo mepesi ya haraka, hadi pamba ikazama na mstari ukawa sawa na ubao. Wakimaliza ubavu mzima hupaka sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na sehemu inayokaa chini ya maji hupakwa chokaa iliyokandwa na shahamu ili wadudu wasitoboe mbao. Mkuku ulikuwa wa mbambakofi. Fundi alinionyesha kwa fahari, akaupigapiga kwa kiganja. Sifa haitoki nguoni kwa kufua mara moja, na abiria wa matatu niliyopanda jioni walinihakikishia hilo bila kusema neno, walisogea tu.

Mashua kama hizo hazifiki tena Maskati. Zinabeba mawe, mchanga, makuti na boriti kutoka upande wa Lamu, na nyingine hugeuzwa kuwa za kuvulia. Boriti peke yake ingetosha kitabu. Mikoko ya Lamu na Mida ilikuwa ikikatwa na kupangwa kwa unene, kila kiasi na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nyumba za Ghuba, ambako miti haipo, zilijengwa kwa dari za boriti za Afrika Mashariki, na upana wa chumba huko ulifuata urefu wa mti wa huku. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri kwa bumu la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden hadi delta ya Rufiji, alieleza kwa urefu jinsi mabaharia walivyoingia matopeni kukata shehena hiyo wenyewe. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Kwa misitu ilikuwa nafuu. Kwa majahazi makubwa ya kaskazi, yaliyokuwa yakija na tende na kurudi na mikoko, ilikuwa ni kunyang'anywa mzigo wa kurudi nao, na hakuna nahodha anayevuka bahari kurudi mtupu.

Njia ya kwenda Malindi hupita Gedi, na huwezi kusema juu ya biashara ya pwani hii ukaupita mji ule. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua 1948. Kati ya misikiti, makaburi na kuta zilizomezwa na mizizi zilipatikana vyombo vya kauri vya China, taa ya chuma kutoka India na mkasi wa Kihispania. Gedi iko ndani, kilomita kadhaa kutoka ufuoni, kwa hiyo bidhaa zote hizo zilishushwa mahali pengine zikabebwa. Hori ya Mida, iliyo karibu, ina njia za maji kati ya mikoko ambazo mtumbwi hupita wakati wa maji kujaa. Tangu Julai 2024 Gedi imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watalii wanaongezeka, na nyani nao, wanaojua zaidi kuliko askari wa lango ni nani amebeba ndizi.

Mayungu, kusini mwa Malindi, hakuna gofu wala kibao. Kuna ufuo, mashua, nyavu zilizotandazwa, na vibanda vya makuti. Hapa ndipo niliposhinda zaidi.

Kila msimu wa kaskazi, bahari ikitulia, wavuvi wa Pemba huja dago. Huhamia kwa miezi kadhaa, wakapiga kambi, wakavua, wakauza, na kusi ikianza kuvuma hurudi kwao Wete, Micheweni au Mkoani na fedha, nyavu mpya na zawadi. Safari hii haikuanzishwa na mradi wowote. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 na kunyooshwa baadaye, nao wavuvi waliendelea kufuata vibua na jodari kama hawakusikia. Siku hizi mgeni hujisajili kwa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kila ufuo, na kutakiwa kuwa na karatasi za uhamiaji na leseni ya idara ya uvuvi. Baadhi ya wenyeji hulalamika kwamba nyavu za wageni zinafagia bahari yote, hasa ule mkubwa wa kuzungushia kundi la samaki. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini wenyeji haohao ndio hununua.

Mashua iliyoingia asubuhi ile ilikuwa na injini ndogo nyuma na tanga lililokunjwa kwa akiba. Kabla haijagusa mchanga, mama karanga walikwisha kusimama majini hadi magotini, ndoo vichwani. Hao ni wanawake wanaonunua samaki wadogo, wakawakaanga na kuuza mitaani. Bila wao, vijiji vya pwani hii vingekula sukuma tupu. Bei ilianza juu.

"Nahodha, jana ulitupa kwa mia mbili."

"Jana bahari ilikuwa na samaki, bibi."

"Na leo ulikwenda kuvua shambani?"

Watu wakacheka, bei ikashuka. Waliokuwa wakubwa, kolekole na nguru, hawakuingia kwenye mabishano hayo. Walipelekwa moja kwa moja kwa tajiri, mwenye injini na anayewadai wavuvi, ambaye mizani yake ina barafu kando na gari la kwenda Malindi na Mombasa. Mvuvi hukatwa mafuta, akakatwa mkopo wa nyavu, kinachobaki wakagawana mabaharia na chombo. Nilijaribu kufuata hesabu nikashindwa kuendana na kasi ya midomo yao. Walipomaliza, kila mtu aliondoka akinung'unika, jambo ambalo kwa wafanyabiashara ni dalili ya mapatano.

Miongoni mwa Wapemba hao, wako ambao hawarudi. Wazee wao walihamia Kenya kabla ya uhuru, wengine wakakimbia Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, wakaoa, wakajenga, wakazaa. Watoto na wajukuu wao walikua Kilifi na Kwale bila kitambulisho cha nchi yoyote. Asiye na kitambulisho Kenya hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, hafungui akaunti, hasajili laini ya simu. Katika nchi ambayo hata samaki hulipwa kwa M-Pesa, maana yake ni kwamba fedha zako hupitia mfuko wa mtu mwingine. Tarehe 28 Julai 2023, mjini Kilifi, Rais William Ruto aliitambua rasmi jamii ya Wapemba na vyeti vikaanza kutolewa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikadiria kuwa ni watu karibu 7,000. Wamakonde walitangulia mwaka 2016, Washona 2020.

Mzee mmoja alinitolea kadi yake kutoka kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu, kama watu wanaokwenda baharini wafungavyo kiberiti. Akairudisha kabla sijamaliza kuisoma. "Hii, mwanangu, haitakiwi kulowa," akasema, kisha akauliza kama ninanunua samaki wa ng'onda au nimekuja kupiga soga tu. Nilinunua.

Biashara ya Pemba na pwani ya Kenya ina upande ambao watu huuzungumza kwa sauti ndogo, nao ni karafuu. Zanzibar, mkulima hutakiwa kuuza karafuu zake kwa shirika la serikali, na kila bei ya Mombasa inapoipita bei ya shirika, magunia hupata miguu. Magendo ya karafuu yamewahi kuitikisa serikali ya Zanzibar kiasi cha kuweka doria na adhabu kali. Kutoka kaskazini, Kismayu, husemwa sukari. Na kubwa kuliko yote ni dawa za kulevya: Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi baharini mashariki ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Tangu hapo kila chombo cha mbao kinachotoka mbali hutazamwa kwa jicho la polisi. Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Kenya kilianzishwa 2018. Ulinzi unahitajika, hilo halina ubishi. Ila kwa askari aliye kwenye boti ya kasi, jahazi la heroini na mashua ya muhogo na nazi hufanana sana kwa mbali, na anayepotezewa siku nzima kwa ukaguzi ni mwenye nazi.

Malindi yenyewe huuza hadithi moja kuliko zote. Mwongozaji wa watalii atakupeleka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, nyeupe juu ya jabali, na kukuambia habari za Mreno. Sikatai, upepo pale ni mzuri. Lakini shajara ya safari ile yenyewe inasimulia jambo kubwa zaidi: Wareno walipofika Aprili 1498 walikuta merikebu nne za Wahindi zimetia nanga. Rubani aliyewavusha alikuwa akijua njia kama dereva wa matatu anavyoijua Mtwapa. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, na 20 Mei walikuwa karibu na Calicut. Wakati wa kurudi hawakusikiliza mtu, wakaondoka India kabla kaskazi haijashika. Wakahangaika baharini karibu miezi mitatu, wakazika wenzao wengi, na kufika Malindi Januari 1499, ambako mfalme wa mji aliwapelekea machungwa. Tofauti ya safari hizo mbili ni somo la upepo, na waliolijua ni Wagujarati, Waarabu na Waswahili. Miongo minane nyuma, mwaka 1415, twiga aliyetoka Malindi aliwasili katika baraza la mfalme wa China akadhaniwa ni mnyama wa baraka. Twiga hana nguzo.

Mji ulififia baada ya Wareno kuhamia Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus 1593. Ukafufuliwa karibu 1861, Sultan Majid wa Zanzibar alipopeleka askari na walowezi. Katika miaka michache tu mashamba ya Malindi na Mambrui yakawa ghala la pwani: mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa kwenda Zanzibar na Arabuni, vyote kwa jasho la watumwa. Mkataba wa Juni 1873 ulizuia kusafirisha watu baharini, lakini utumwa wenyewe katika ukanda huu haukufutwa hadi 1907. Waliotoroka walianzisha vijiji vyao bara, kama Fuladoyo, nao wakaja kuuza mazao pwani kama wakulima huru.

Wagiriama walikuwa mahiri zaidi. Walivuka Sabaki, wakalima kingo zake za kaskazini, wakauza nafaka Malindi na Mambrui, na hawakuona sababu ya kwenda kufanya kibarua katika shamba la mtu. Hilo ndilo lililowaudhi wakoloni. Serikali ilitaka wahame kutoka ng'ambo hiyo ya kaskazini na vijana wao wafanye kazi ya kibarua. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akawaapisha watu 1913, akakamatwa na kupelekwa mbali, na 1914 vita vikalipuka. Vitabu vya shule humkumbuka kwa ujasiri wake, na anastahili. Ingefaa watoto waambiwe pia kwamba ugomvi ule ulihusu magunia: nani alime, nani auze, na apitie bandari gani.

Leo daraja la Sabaki linavuka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mto huu huanza kama Athi karibu na Nairobi, huitwa Galana katikati, na hufika Magarini ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya bara. Haupitiki kwa vyombo vya maana, tofauti na Tana, ambako mitumbwi ya Wapokomo ilishusha mpunga na ndizi hadi Kipini kupitia mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19. Kazi ya Sabaki ni kujaza. Udongo wake umeusukuma ufuo wa Malindi mbele, na mahali wazee walipofungia mashua sasa watoto wanacheza mpira. Mvua zikinyesha bara, bahari mbele ya hoteli hugeuka hudhurungi na meneja huanza kuwaomba radhi wageni.

Mambrui nilipita haraka, kwa kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za China na kwa shimo ambalo mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walitoa sarafu ya enzi ya Yongle. Kijana aliyenipeleka aliona ajabu mtu kusafiri kwa ajili ya bakuli zilizovunjika.

Ngomeni ni mwisho wa barabara. Baharini, majukwaa ya chuma ya Waitaliano yamesimama kwenye maji; kutoka hapo, 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Nchi kavu, kutoka Gongoni hadi Marereni, ni mabwawa ya chumvi yasiyo na mwisho, meupe hadi macho yanauma. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka hapa, na huliwa hadi Uganda na Rwanda. Wenyeji wa Magarini walilalamikia ardhi na mikoko iliyokatwa kupisha mabwawa hayo, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisikiliza malalamiko hayo hadharani na kutoa ripoti 2006. Chumvi hiyo, iliyotolewa majini mita chache kutoka bandari ya asili, husafiri yote kwa lori.

Kwenye ufuo wa Ngomeni nilikuta kambi nyingine ya dago. Mashua za Pemba, moja ya Kipini, moja iliyosemekana imetoka Lamu na boriti za ndani ya nchi. Samaki walikaushwa juu ya vichanja. Hapakuwa na gati, chumba cha barafu wala karani wa forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, na wauza vitunguu wa Namanga na Busia wanautumia. Mvuvi wa Micheweni anayeshusha ng'onda Ngomeni hana dirisha la kuuombea.

Halmashauri ya Bandari ya Kenya, kwa mujibu wa majukumu yake, inasimamia Mombasa na Lamu, na vilevile Malindi, Kilifi, Mtwapa, Kiunga, Shimoni, Funzi na Vanga. Lamu ilipata gati lake la kwanza la kisasa Mei 2021. Malindi na Kilifi haziombi kreni. Wenye mamlaka Nairobi na Mombasa waweke gati fupi mahali ambapo Sabaki haifiki, mtambo wa barafu, na ofisa mmoja wa forodha mwenye daftari la utaratibu huo wa dola 2,000, wafungue ofisi kabla ya kaskazi ijayo. Wafanyabiashara wenyewe wapo tayari, na tangu 2023 Wapemba wa Kenya wameanza kupata vitambulisho.